SOMO LETU: ASKARI WA WANYAMAPORI NI MFANYAKAZI



Mara hii tutazame kazi ambayo wengi wetu hatujaihesabu kuwa kazi kama zetu, yaani kazi ya askari wa wanyamapori. Tumechukua mfano wa wenzetu wa Sudan Kusini, hasa wa mbuga ya Badingilo, iliyo karibu na mji wa Juba, mashariki ya Mto Nile.

Kwanza tujue wanalinda nini. Kati ya Badingilo na Boma, kuelekea mpaka wa Ethiopia, wanyama huhama kila mwaka wakifuata majani na maji. Mwaka 2023 walihesabiwa kwa ndege, na matokeo yakatangazwa Juni 2024: kobu wenye masikio meupe wapatao milioni 5, nyamera karibu 300,000, pamoja na swala na tohe, jumla karibu milioni 6. Msafara wa Serengeti na Maasai Mara, tunaojivunia sisi, haufiki hapo. Tembo ndio waliokwisha. Katika miaka ya 1970 walikadiriwa kufika 80,000. Baada ya vita wamebaki elfu chache tu.

Askari wenyewe ni nani? Wengi walikuwa wapiganaji. Baada ya Mkataba wa Amani wa Januari 2005, askari wengi wa SPLA walihamishiwa idara ya wanyamapori. Msitu waliujua, bunduki waliijua. Sheria za hifadhi na namna ya kumkamata mtu bila kumpiga ilibidi wafundishwe. Tangu 2022 shirika la African Parks linaendesha Boma na Badingilo pamoja na serikali, kwa mkataba wa miaka 10.

Kazi yao kubwa ni doria: kutembea, kutegua mitego ya waya, kufuata alama za magurudumu. Ndiyo, magurudumu, maana ujangili wa leo si wa mzee mwenye mkuki anayetafuta kitoweo. Ni biashara. Nyama hupakiwa kwenye pikipiki na kupelekwa sokoni Juba, na barabara ya Juba hadi Bor inapita mbugani humo humo. Mvua zikinyesha, udongo mweusi hunasa magari, na doria hubaki ya miguu. Kwa eneo kubwa namna hiyo askari peke yao hawatoshi. Lazima wakae na machifu na wazee wa Wabari, Wamundari na Walotuko, na mtu aliyenyanyaswa na askari jana hatamwambia leo jangili kapita wapi.

Sasa tufike kwenye mshahara. Februari 2024 bomba linalopitisha mafuta ya Sudan Kusini katika nchi ya Sudan lilipasuka wakati wa vita vya huko. Serikali ya Juba hutegemea mafuta kwa karibu mapato yake yote. Watumishi wake, wenye sare na wasio na sare, wakakaa miezi mingi bila kulipwa. Fikirini, ndugu: mtu ana bunduki, ana watoto, hana mshahara, na analinda nyama yenye bei nzuri mjini. Sisi hatumtetei mla rushwa. Tunasema tu kwamba anayemwacha mlinzi na njaa amekwisha kumfungulia mwizi mlango.

Na atamlalamikia nani? Mkataba nambari 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unalinda haki ya kuunda vyama, lakini kuhusu majeshi na polisi unaiachia kila nchi iamue. Askari wa wanyamapori mara nyingi huhesabiwa upande huo wa bunduki, na Sudan Kusini huwahesabu hivyo. Hatari nayo si ndogo. Katika mbuga ya Virunga, mashariki ya Kongo, askari 12 waliuawa siku moja, Aprili 2020, karibu na Rumangabo.

Maswali ya kujadili tawini: Walinzi wa kiwanda au shamba lenu wamo katika chama? Kama hawamo, ni nani aliyeamua hivyo? Mlinzi akiuawa kazini, mjane wake hulipwa nini, na baada ya muda gani?