Kisu cha Mtengeneza Sinema

Siku hizi jamaa nyingi hukusanyika jioni mbele ya televisheni, wakatazama sinema za wanyama wa Serengeti. Ni burudani njema. Lakini yafaa wazazi na watoto wajue jinsi sinema inavyotengenezwa, maana jicho lisilofunzwa huamini kila lionyeshwacho.

Picha za sinema hupigwa vipande vipande, tena vingi kupita vitakavyotumika. Kisha mhariri huvikata na kuviunga. Nguvu ya kazi hiyo ilielezwa na Lev Kuleshov, mwalimu wa sinema wa Urusi, karibu na mwaka 1920. Yasimuliwa kwamba aliuunga uso uleule wa mwigizaji, mara na sahani ya supu, mara na jeneza. Watazamaji wakaona uso wenye njaa, kisha uso wenye huzuni. Kumbe uso haukubadilika hata kidogo. Maana ilizaliwa pale picha mbili zilipoungana.

Tutwae mfano wa kwetu. Kila mwaka, hasa kati ya Julai na Oktoba, makundi ya nyumbu huvuka mto Mara, kaskazini mwa Serengeti, upande wa Tarime. Mpiga picha aweza kungoja siku nyingi ukingoni; katika sinema kungoja huko hukatwa. Twaona jicho la mamba, kisha kwato za ndama, kisha maji yakiruka. Vipande vikizidi kuwa vifupi, moyo nao hudunda upesi. Yawezekana mamba yule na ndama yule hawakukutana kamwe, bali walipigwa picha siku mbalimbali. Hata mvumo wa maji mara nyingi hutiwa baadaye.

Je, huu ni uongo? Si lazima. Nyumbu huvuka kweli, na mamba hula kweli. Tena kazi hii yaweza kuleta mema. Mwaka 1959 ilitoka sinema ya Bernhard Grzimek wa Ujerumani na mwanawe Michael, iliyosihi Serengeti isife. Ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, ikawavuta watu wengi wa mbali waijali mbuga hii.

Hata hivyo, mkato ulio mkubwa kuliko yote ni ule usioonekana. Katika sinema nyingi za namna hii hakuna boma wala shamba. Lakini kandokando ya hifadhi, Tarime na Mugumu, wako Wakurya, Waikoma, Wanata na wengine, walimao na kufuga, ambao tembo huwaharibia mazao. Mtu wa Berlin, hata wa Dar es Salaam, aweza kudhani nchi hiyo haina wenyewe. Na adhaniye hivyo ataona si kitu kuamua mambo yake bila kuwauliza wakazi.

Basi, sinema ikiisha, baba au mama na awaulize watoto: Tumeona nini hasa? Nini kimeunganishwa na nini? Na nani hakuonyeshwa? Watoto waliozoea maswali haya hawatadanganywa upesi.