Kamaishi: Mji Ndani ya Bonde Lililozama

Mji wa Kamaishi uko katika pwani ya Sanriku, kaskazini-mashariki ya kisiwa cha Honshu, nchini Japani. Katika ramani, ukingo wa pwani hiyo umekatika kama meno ya msumeno: ghuba nyembamba, kisha rasi, kisha ghuba nyingine.

Asili ya ghuba
Katika zama za mwisho za barafu, usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa mita 120 hivi. Mito ilichimba mabonde marefu kati ya milima. Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda na kuyajaza mabonde hayo. Migongo ya milima iliyobaki juu ya maji ndiyo rasi za leo.

Kuundwa kwa mji
Bonde lililozama huwa na maji ya kina kirefu na hukingwa na upepo. Kwa hiyo Kamaishi ilikuwa bandari njema ya wavuvi. Mwaka 1857 Oshima Takato alifaulu kuyeyusha mawe ya chuma kwa tanuri la namna ya Ulaya huko Ohashi, milimani nyuma ya bandari. Kiwanda cha chuma kiliukuza mji. Ulipewa hadhi ya jiji mwaka 1937, na mwaka 1955 uliunganishwa na vijiji vinne vya jirani. Tanuri kubwa la mwisho lilizimwa mwaka 1989, na idadi ya wakazi, iliyopita 90,000 katika miaka ya 1960, imeshuka hadi karibu 30,000.

Usafiri
Milima iliyoikinga bandari ndiyo pia iliyozuia njia. Reli ya mwaka 1880 ilishusha mawe ya chuma kutoka Ohashi hadi pwani tu. Reli ya kuvuka milima hadi Hanamaki ilikamilika mwaka 1950, kwa kupinda ndani ya mahandaki.

Hatari ya umbo hilo
Wimbi la tsunami likiingia katika ghuba inayozidi kuwa nyembamba na yenye kina kinachopungua, maji husongamana na kupanda juu. Sanriku ilipigwa mwaka 1896 na 1933. Ukuta wa kuvunja mawimbi, uliojengwa Kamaishi katika kina cha mita 63, ulikamilika mwaka 2009. Tarehe 11 Machi 2011 tsunami iliuvunja, na zaidi ya watu 1,000 wa mji huo walikufa au kupotea. Lakini katika kitongoji cha Unosumai, wanafunzi wa shule mbili jirani waliokuwa shuleni walikimbilia mahali pa juu. Walipoona mahali pa kwanza hapatoshi, walipanda juu zaidi, wakaokoka. Ukuta hupunguza nguvu ya bahari, lakini haumwondolei mtu wajibu wa kukimbia.

Maswali
1. Eleza jinsi umbo moja la nchi linavyoleta faida na hatari pamoja.
2. Kwa nini tsunami hupanda juu zaidi ndani ya ghuba nyembamba kuliko katika bahari kuu?