Somo la 9: Uaminifu Mezani na Afya ya Tumbo

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 1:29, Dan. 1:8–16, Mhu. 10:17, Kum. 23:12–14, 2 Fal. 20:1–7, Rum. 14:1–4.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 10:31.

Katika miaka ya 1950, daktari Mkristo kutoka Ayalandi, Denis Burkitt, alikuwa mpasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Baadaye, alipolinganisha magonjwa ya Uganda na ya Uingereza, jambo moja lilimshangaza. Bawasiri, uvimbe wa kidole tumbo na saratani ya utumbo mpana, magonjwa yaliyozoeleka Uingereza, yalikuwa nadra kwa wanavijiji wa Uganda. Aliziandikia hospitali nyingi za misheni barani Afrika, na majibu yalifanana.

Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kipimo rahisi. Watu walimeza vidonge vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, kisha zikahesabiwa saa mpaka vitoke. Kwa wanamaji wa Uingereza ilichukua zaidi ya siku tatu. Kwa wanavijiji wa Uganda ilichukua siku moja na nusu hivi, na kinyesi chao kilikuwa na uzito wa zaidi ya mara nne.

Chakula cha wanavijiji wale kiliitwa chakula cha maskini, na wengi waliopata kipato wamekiacha. Somo la juma hili linauliza: je, utunzaji wa tumbo ni sehemu ya uaminifu wa Mkristo?

JUMAPILI: Mbegu na Matunda

Soma Mwanzo 1:29. Chakula cha kwanza cha mwanadamu kilikuwa cha namna gani?

Kilikuwa mimea yenye mbegu na matunda ya miti, tena kikiwa kizima, pamoja na ganda na nyuzi zake. Nyuzinyuzi hizo, ambazo wataalamu wa lishe huziita makapi-mlo, hazimeng'enywi tumboni wala katika utumbo mwembamba. Hufika kwenye utumbo mpana zikiwa zimeshika maji, na kukifanya kinyesi kiwe laini kipite bila kujikamua. Humo bakteria wenye manufaa huzitumia na kutengeneza asidi zinazolisha kuta za utumbo. Mtu asipokula nyuzinyuzi, bakteria hao nao hushinda njaa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa hutoa karibu nusu ya kiasi hicho. Dona, ulezi, mtama, kisamvu, mchicha, mapapai na maparachichi huongeza kilichobaki. Lakini mahindi yanapokobolewa kuwa sembe, pumba na kiini huondolewa na kupewa mifugo.

Katika sahani yako ya jana, ni vyakula vingapi vilivyobaki vizima?

JUMATATU: Siku Kumi

Soma Danieli 1:8–16. Danieli aliomba kwa namna gani, na kwa muda gani?

Biblia ya Kiswahili ya Union inataja mtama. Neno la Kiebrania lina mzizi mmoja na neno mbegu. Angalia jinsi Danieli alivyoomba. Hakugombana na msimamizi. Aliomba jaribio dogo lenye mwisho unaojulikana.

Hiyo ni hekima hata kwa nyumba ya leo. Baba anayerudi kutoka semina ya afya na kuamuru sembe itupwe siku hiyo hiyo hupanda vita jikoni. Utumbo nao hushtuka, kwa maana nyuzinyuzi nyingi za ghafla huleta gesi na tumbo kujaa. Ni afadhali kuchanganya dona na sembe nusu kwa nusu kwanza. Maharage yalowekwe usiku, maji yale yamwagwe, yapikwe kwa maji mapya. Kiasi kiongezwe kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, pamoja na maji ya kunywa ya kutosha. Bila maji, nyuzinyuzi huweza kuzidisha choo kigumu.

Dona lisagwe kwa mahindi makavu yaliyochambuliwa vizuri. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yalisababisha vifo Dodoma na Manyara, na sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa kwenye ganda na kiini. Afya ya tumbo huanzia ghalani.

JUMANNE: Kula kwa Wakati Wake

Soma Mhubiri 10:17. Kula kwa ajili ya nguvu kunatofautianaje na kula kwa anasa?

Chakula kinapoingia tumboni, hasa asubuhi, utumbo mpana huamka na kuanza kusukuma. Ndiyo maana wengi husikia haja baada ya kifungua kinywa. Anayewahi daladala alfajiri bila kula, akashinda na chai na andazi, kisha akala mlo mkubwa usiku na kulala papo hapo, huuvuruga mpangilio huo. Mara nyingi kiungulia hufuata.

Mlo wa jioni uwe mwepesi, uliwe muda wa saa mbili au tatu kabla ya kulala. Chakula kitafunwe polepole. Kutembea kila siku nako husaidia utumbo kusukuma.

Ni badiliko gani moja la ratiba linalowezekana nyumbani mwako juma hili?

JUMATANO: Jambo Lisilosemwa

Soma Kumbukumbu la Torati 23:12–14. Kwa nini agizo kuhusu choo limo katika sheria ya Mungu?

Mungu aliyetembea kati ya kambi aliagiza hata mahali pa kujisaidia na namna ya kufukia. Hakuona aibu kulisema. Wanadamu ndio huona aibu, na aibu hiyo ina madhara. Mwanafunzi ambaye choo cha shule yake ni kichafu hujizuia kutwa nzima. Kinyesi kinachokaa hupoteza maji na kuwa kigumu, na siku inayofuata maumivu humfanya ajizuie tena. Choo safi, maji na sabuni ni huduma ya afya, kwa kuwa kunawa mikono hukinga kuhara na minyoo.

Vyoo vya kanisa lako vinashuhudia nini kwa mgeni?

ALHAMISI: Maombi na Mkate wa Tini

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Hezekia alikwisha kuahidiwa uponyaji. Kwa nini basi tini zikaletwa?

Fikiria mzee wa kanisa anayefundisha afya na asiyekula nyama. Kwa miezi minane ameona damu chooni. Amemwambia mkewe ni bawasiri tu. Ameongeza mboga, amefunga na kuomba, lakini hajaenda hospitali. Anachokiogopa zaidi ni maneno ya washiriki: si yeye ndiye aliyekuwa akitufundisha?

Soma Warumi 14:1–4. Kanisa linalopima imani ya mtu kwa sahani yake humziba mdomo ndugu aliye mgonjwa. Mlo mzuri hupunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana, lakini hauiondoi yote. Damu kwenye kinyesi, kinyesi cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, au choo kilichobadilika kwa majuma kadhaa ni dalili za kumwona daktari mapema. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, mara nyingi hutibika. Tini za Isaya hazikupunguza imani ya Hezekia.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma tena Danieli 1, kisha 1 Wakorintho 6:19, 20.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni vyakula gani vya wazee wenu vilivyoachwa kwa kuonekana vya kimaskini? Kipi kinaweza kurudi mezani, na kwa gharama gani?

2. Kikundi chenu kinaweza kufanya jaribio gani la siku kumi bila kumhukumu asiyeshiriki?

3. Kama mzee wa somo la Alhamisi angekuwa katika kikundi chenu, angeweza kusema? Ni nini kibadilike ili aweze?