Safari ya Injili Kwenye Mji Mdogo: Tafuteni Mwaliko Kabla ya Basi



Kwa miaka mingi nimekuwa mratibu wa safari za injili katika parishi yetu hapa Dar es Salaam. Kila mwaka vijana na wanakwaya wa makanisa mengine hunipigia simu wakiuliza waanzie wapi. Mara nyingi wanapouliza, sare zimeshashonwa, fulana zimeshachapishwa na wahubiri wameshapangiwa siku zao. Kinachokosekana ni mtu wa huko waendako aliyewaalika. Makala hii ni kwa ajili yao, na mfano wangu ni mji ninaoupenda na kuufahamu kuliko mingine: Mpwapwa, mkoani Dodoma.

Nina jambo moja la kusema, na mengine yote yanatoka humo. Safari ya injili ni mali ya kanisa mwenyeji. Mgeni anakaa siku chache, mwenyeji anabaki na matokeo yake. Kwa hiyo mwenyeji ndiye wa kusema safari iwe lini, ifanye nini na iishie wapi.

1. Jifunzeni historia ya kanisa la huko

Mpwapwa ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Wapagazi walipumzika hapo na kupata maji kabla ya kuingia nyika kavu ya Ugogo. Mwaka 1876 wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS, waliokuwa na nia ya kufika Buganda, walifungua kituo hapo. Wamisionari wa Kilutheri walianza kazi Dar es Salaam mwaka 1887. Kwa maneno mengine, injili ilikuwa imefika Mpwapwa zaidi ya miaka kumi kabla ya Walutheri hao kuanza kazi katika mji wetu huu mkubwa.

Kijana wa Dar anayepanda jukwaani Mpwapwa na kusema "tumewaletea nuru" huenda anawaambia hivyo watu ambao babu wa babu zao walibatizwa. Waambieni vijana wenu habari hizi kabla ya safari, wakae nazo, wazizungumze. Kijana aliyezijua hupanda jukwaani akiwa na heshima, na heshima hiyo husikika katika sauti yake.

2. Ulizeni, kisha msikilize

Andikeni barua kwa kasisi wa huko kupitia uongozi wa dayosisi. Kisha tumeni watu wawili au watatu wakaonane naye ana kwa ana miezi kadhaa kabla. Gharama ya safari hiyo ndogo isiwatie uchungu, kwa sababu ndiyo itakayookoa ile kubwa. Siku hizi si kazi ngumu: treni ya SGR imefika Dodoma tangu mwaka 2024, na kutoka Dodoma mnachukua basi linalopitia Mbande na Kongwa hadi Mpwapwa.

Mkifika, msitangulize ratiba yenu. Ulizeni: "Baba Kasisi, kazi gani hapa imekosa mikono?" Mimi nilipouliza hivyo, kasisi alinijibu bila kuzunguka: "Dada, mahubiri tunayo. Walimu wangu wa shule ya Jumapili hawajawahi kupata semina hata moja, na mwinjilisti wangu anahudumia mitaa ya mbali kwa baiskeli mbovu." Jibu lile lilibadilisha mpango wetu wote. Mkutano wa hadhara ulibaki, ila ulipunguzwa. Asubuhi zote zikawa za semina ya walimu, na fungu la fedha tulilokuwa tumetenga kwa ajili ya mabango likanunua baiskeli.

3. Chagueni majira ya mwenyeji

Watu wa mjini hupanga safari kwa kufuata likizo zao. Mkulima wa Mpwapwa hupanga maisha yake kwa kufuata mvua. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Wakati huo watu wako shambani na barabara za vijijini hukatika. Januari hadi Machi akiba ya chakula huwa imepungua katika nyumba nyingi, na kupeleka basi zima la wageni wa kulishwa wakati huo ni kuwabebesha watu mzigo wasioweza kuukataa, kwa sababu mgeni hafukuzwi.

Mwezi Agosti unafaa zaidi. Mavuno ya mahindi, uwele, mtama na karanga yameshaingia, barabara zinapitika na jioni watu wana nafasi. Mkichelewa hadi Oktoba au Novemba, maji yanakuwa ya shida. Kama mnataka kuingia shuleni, kumbukeni kwamba darasa la saba hufanya mtihani wao wa taifa mwezi Septemba na kidato cha nne mwezi Novemba. Msimwombe mwalimu mkuu vipindi wakati wanafunzi wake wako mbioni.

4. Kamilisheni vibali mapema

Mkutano wa hadhara unahitaji taarifa ya maandishi kwa polisi wa eneo husika angalau saa 48 kabla, kwa mujibu wa sheria. Msingoje saa hizo 48. Barua iandikwe na kanisa mwenyeji, ipelekwe polisi wiki kadhaa kabla, na nakala ziende kwa mtendaji wa kata na wa kijiji au mtaa. Mkitaka kuingia shuleni, pitieni kwa afisa elimu wa wilaya. Basi la kukodi liwe na kibali cha mamlaka ya usafiri, LATRA. Basi la shule kubeba wanakwaya bila kibali hicho ni kujitafutia kulala njiani.

Mpwapwa ina Waislamu pia, na wengi ni jirani na ndugu wa hao hao waumini mtakaowatembelea. Zimeni spika wakati wa adhana. Msilinganishe dini jukwaani. Hubirini mnachokiamini, acheni kusema cha mwenzenu. Mkishaondoka, kasisi ataendelea kukutana na shehe msibani na kwenye kikao cha maendeleo ya kata, na maneno yenu ndiyo yatakayofanya mikutano hiyo iwe mizuri au mibaya.

5. Bajeti ianze na chakula cha mwenyeji

Kamati nyingi huanza na nauli na vyombo vya muziki, chakula kikifuata kwa kilichobaki. Geuzeni utaratibu huo. Tumeni fedha za chakula kabla ya safari kwa akina mama wa kanisa mwenyeji, ili wanunue unga, mafuta, kuku na mboga katika soko lao kwa bei wanayoijua. Msibebe mchele kutoka Dar kama watu wanaokwenda jangwani. Fedha inayozunguka katika soko la Mpwapwa nayo ni huduma.

Kisha kuleni kinachopikwa. Ugali wa uwele na mlenda ni chakula cha heshima Ugogoni. Kijana anayesukuma sahani na kuuliza kama kuna wali amehubiri tayari, na mahubiri yake hayawezi kufutwa na kwaya. Mwenye mzio au kisukari aseme kabla ya safari ili apangiwe chake bila kumfedhehesha mpishi.

Msisahau umeme wa kanisani, maji ya kununua, kuni na sabuni. Vitu hivi vidogo huishia kulipwa kimyakimya na mwenyeji. Sadaka yote itakayotolewa mikutanoni ibaki kwa kanisa la hapo, hadi shilingi ya mwisho.

6. Nyumba kwa nyumba: mwenyeji atangulie

Hapa ndipo safari huzaa matunda kuliko mahali pengine popote. Tembeeni wawili wawili pamoja na mwenyeji mmoja. Yeye ndiye abishe hodi, yeye ndiye awatambulishe. Anajua nyumba yenye msiba, nyumba yenye mgonjwa na nyumba ambayo mwaka huu haitaki wageni. Kwa wazee wasiozoea Kiswahili cha mjini, yeye ndiye atakayesema kwa Kigogo.

Mkimkuta mama anamenya karanga, kaeni mkamenye naye. Mkiwakuta watu wanapukuchua mahindi, shikeni magunzi. Msitoe Biblia mfukoni kabla hamjauliza habari za watoto, mifugo na mavuno. Maongezi ya kweli huja yenyewe mikono ikiwa kazini, na mtu akisema "niombeeni", ombeni kwa ufupi na kwa jina lake.

Jioni kwenye mkutano, kwaya ya mwenyeji iimbe kwanza. Wagogo ni watu wa muziki mkubwa: zeze, ilimba, ngoma za muheme zinazopigwa na wanawake, na uimbaji wa sauti nyingi ambao marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha majukwaa ya dunia. Kinanda chenu kisizifunike sauti hizo. Waambieni vijana wenu wakae chini wasikilize, kisha waombe kufundishwa wimbo mmoja.

7. Mkipeleka huduma ya afya, ipitie kwa mganga mkuu wa wilaya

Madaktari na wauguzi wa parishi hupenda kujitolea, na Mungu awabariki. Lakini kambi ya matibabu lazima ipangwe na ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, ifanywe na watu wenye leseni na kwa dawa zilizosajiliwa. Msigawe mabaki ya dawa za majumbani. Jiulizeni pia: mgonjwa wa shinikizo la damu mtakayempima Jumanne, Jumatatu ijayo ataonwa na nani? Kila mnayemgundua apewe karatasi ya rufaa kwenda kituo cha karibu, na mhudumu wa kituo hicho awe pamoja nanyi mezani.

Macho ni eneo lenye uhitaji. Ugonjwa wa trakoma umewasumbua watu wa Dodoma, hasa Kongwa na jirani zake, kwa miaka mingi, na kunawa uso pamoja na kutumia choo bora ni sehemu kubwa ya kinga. Hospitali ya Mvumi ya Kanisa Anglikana ina sifa ya siku nyingi katika tiba ya macho. Kumlipia nauli mzee mwenye mtoto wa jicho afike huko ni kumsaidia kuliko kumgawia miwani ya jua.

Na hili nalisema kwa uzito wote: asiwepo mtu katika kundi lenu anayemwambia mgonjwa aache dawa. Ombeni kwa imani, wekeni mikono, lieni naye. Lakini anayetumia ARV aendelee nazo, na wa kifua kikuu amalize tiba yake ya miezi. Mhubiri anayemwambia mtu atupe vidonge hatakuwepo siku ya maziko. Asiyekubali sharti hili asipande basi.

8. Watoto na picha

Watoto watawazunguka tangu mshuke kwenye basi. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto faraghani, hata kwa maombi. Wawepo wawili, mmoja akiwa mwenyeji. Tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kanisa linapaswa kuwa la kwanza kuitii.

Msimpige picha mtoto mwenye nguo zilizochanika ili mkaombee michango mjini. Ombeni ruhusa kwa mzazi, na mfikirie kama mngependa picha ya mwanenu izungushwe hivyo kwenye makundi ya WhatsApp. Pipi na sarafu zisirushwe kwa watoto. Kama mmeleta madaftari, mpeni mwalimu mkuu ayagawe mwenyewe.

9. Kazi baada ya kurudi

Majina ya waliookoka au walioomba kubatizwa ni ya kanisa mwenyeji. Andikeni jina, mtaa na mtu wa karibu, mkabidhi daftari kwa mwinjilisti kabla ya kuondoka. Msirudi Dar mkitangaza idadi ya "roho" kama matokeo ya uchaguzi. Miongoni mwa walionyoosha mikono wamo waliobatizwa zamani wanaotaka kuanza upya, na anayejua tofauti ni mwinjilisti.

Wasomeeni waumini wenu mapato na matumizi. Nakala mpelekeeni kasisi wa Mpwapwa, naye ana haki ya kujua. Kisha chagueni jambo moja la kuendeleza kwa miaka kadhaa: semina ya walimu wa shule ya Jumapili, ada ya mwinjilisti chuoni, au matengenezo ya baiskeli yake. Kuwaalika wao Dar ni sehemu ya kazi hiyo. Kwaya yao ije iimbe kwetu, mhubiri wao asimame katika mimbari yetu, nasi tuwapikie.

Ndugu yangu unayeandaa safari ya mwaka huu, kabla ya kulipia basi, chukua simu umpigie kasisi wa huko unakokwenda. Mwulize anahitaji nini, kisha nyamaza umsikilize. Akisema msije mwaka huu, msiende. Tumeni nauli hiyo ikafanye kazi aliyoitaja. Akisema njooni, nendeni kwa unyenyekevu, mfanye alichowaomba, mkakile alichowapikia. Mungu awatangulie.