Kikohozi cha Mashine ya Unga

Somo letu la mwezi huu ni juu ya kazi na afya ya mwili.

Ndugu mmoja hapa Nakivale alikohoa muda mrefu. Tulimwombea. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni kifua kikuu, alipimwa, hakikuonekana. Sisi wachungaji wake hatukumwuliza jambo jepesi: kutwa unashinda wapi? Alishinda kwenye mashine ya kusaga mahindi, nyumba yenye mlango mmoja, bila dirisha, unga umejaa hadi kwenye kope. Jumapili alipumzika, akaimba vizuri nasi. Jumatatu jioni kifua kilibana tena. Dalili ilikuwa mbele ya macho yetu kanisani!

Mwaka 1700 daktari Bernardino Ramazzini wa Italia aliandika kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi, akawashauri madaktari wamwulize kila mgonjwa kazi yake.

Vumbi la nafaka likiingia kifuani kila siku, kwa watu wengine njia za hewa huvimba na kubana. Hiyo ni pumu ya kazini, na ikikaa miaka inaweza kubaki hata mtu akiacha kazi. Kitambaa usoni huzuia unga mnene. Ule mwembamba hupita. Afadhali kufungua mlango wa pili, upepo upite. Tena kuna mgongo: mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanaume asibebe zaidi ya kilo 55. Gunia letu ni kilo 100.

Vijana mnaokwenda Mbarara kwenye ujenzi, sheria ya Uganda ya usalama kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga kwa gharama yake. Tunajua, anayedai glavu huambiwa wengine wanasubiri nje. Kwa hiyo msiende kudai mmoja mmoja.

Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda kituo cha afya upimwe kifua kikuu. Usingoje kuulizwa: mwambie daktari au muuguzi kazi unayofanya, tangu lini, na siku gani unapata nafuu.

Ndugu yetu sasa anapima mahindi ya wateja nje, chini ya mti. Mshahara umepungua. Usiku analala.