Mchanga Ukifika Kwenye Elbo: Mafunzo Niliyopata

Kazi yangu ni kukadiria kwa kompyuta mahali ambapo mchanga utatoboa bomba. Mara nyingi ni kwenye elbo, pale bomba linapopinda: maji au hewa hukata kona, mchanga hushikilia njia yake.

1. Anza na karatasi. Jiulize chembe huchukua muda gani kuufuata mkondo unapogeuka. Chembe ya mchanga yenye kipenyo cha milimita 0.1 huhitaji kama sekunde 0.0015 ikiwa majini; hewani hufika kama sekunde 0.08, zaidi ya mara 50. Sasa tazama bomba la sentimita 10. Maji yaendayo mita 2 kwa sekunde huipa chembe takriban sekunde 0.05 za kugeuka, nayo hugeuka bila taabu. Hewa iendayo mita 20 kwa sekunde huipa sekunde 0.005 tu. Chembe hiyo itagonga ukuta. Kipenyo kikiongezeka maradufu, muda unaohitajika huongezeka mara 4. Hesabu hii imenipunguzia usiku mwingi wa kusubiri majibu niliyokwisha kuyajua.

2. Panapogongwa zaidi sipo lazima panapolika zaidi. Mtafiti Iain Finnie alilieleza hili mwaka 1960: chuma laini hulika sana kikipigwa kwa mshazari, kwenye nyuzi 20 hadi 30 hivi, kwa sababu chembe hukichonga. Kioo huumia zaidi kikipigwa wima.

3. Kasi ikizidi maradufu, ulikaji hupanda mara 4 hadi 8. Mwenye bomba akilalamikia gharama za elbo mpya, mimi huulizia pampu inasukuma kwa kasi gani.

4. Vumbi laini ndilo linalodanganya. Programu nyingi hudhani msukosuko wa maji una nguvu sawa kila upande, hata jirani kabisa na ukuta. Kumbe hapo msukosuko unaoelekea ukutani hufifia, maana maji hayawezi kupenya chuma. Basi kompyuta hubandika ukutani chembe ambazo kwenye bomba halisi zingejipitia zake. Nikionyeshwa picha ya kompyuta iliyojaa rangi nyekundu ya ulikaji, huuliza kwanza chembe zina ukubwa gani.

5. Ndani ya programu chembe huwa tufe, mara nyingi nukta tu. Mchanga uliosuguliwa na mto miaka mingi hauchongi kama uliotoka kuvunjwa mwambani. Kwa hiyo huomba niletewe kiganja cha mchanga wenyewe. Michoro ya bomba inaweza kufuata baadaye.