KUFULI NA SIRI YAKE: JINSI LINAVYOFUNGUKA BILA UFUNGUO

Kufuli ni chombo kinachofahamika na kila mtu. Hata hivyo, walio wengi hukifahamu kwa nje tu: hutia ufunguo, huuzungusha, na mlango hufunguka. Katika nchi kadhaa za Ulaya na Marekani wapo watu ambao hujifunza, kwa ajili ya burudani, kuchokonoa makufuli, yaani kuyafungua bila funguo zake na bila kuyavunja, kama wengine wanavyojifunza kucheza sataranji. Makala haya yanaeleza msingi wa kisayansi wa ujuzi huo, na jinsi ujuzi unaodhaniwa kuwa wa wezi ulivyosaidia kuleta makufuli bora.

Muundo wa Kufuli la Pini

Makufuli mengi ya ufunguo bapa wenye meno hutegemea pini. Wazo lenyewe ni la kale sana. Wamisri wa kale walitumia makomeo ya mbao yenye vijiti vilivyodondoka katika matundu ya komeo na kulizuia lisisogee. Ufunguo wa mbao wenye vijino uliviinua vijiti hivyo. Huko Marekani, Linus Yale alipata hataza ya kufuli la pini mwaka 1848. Mwanawe, aliyeitwa pia Linus Yale, akaliboresha katika miaka ya 1860 kwa kutumia silinda ndogo na ufunguo bapa.

Ndani ya kufuli la namna hii mna silinda mbili. Ya nje haizunguki. Ya ndani, yenye tundu la ufunguo, huzunguka. Vitundu vidogo, aghalabu vitano, hupita katika silinda zote mbili. Kila kitundu kina pini mbili zilizopandana, na juu yake springi inayozisukuma chini. Pini za chini zina urefu unaotofautiana.

Kufuli lisipokuwa na ufunguo, kila pini ya juu hukaa sehemu katika silinda ya nje na sehemu katika silinda ya ndani, na hivyo huizuia ile ya ndani isizunguke. Ufunguo wake halisi ukitiwa, meno yake huziinua pini hata mahali pini mbili zinapokutana pakawa sawasawa na mpaka wa silinda hizo mbili. Mpaka huo huitwa hapa mstari wa mkato. Pini zote zikifika kwenye mstari huo kwa wakati mmoja, hakuna tena kinachozuia, na silinda ya ndani huzunguka.

Hesabu ya Usalama

Tuseme kufuli lina pini tano, na kila pini yaweza kuwa na kimo kimoja kati ya vimo sita. Idadi ya funguo zinazowezekana ni 6 × 6 × 6 × 6 × 6, yaani 7,776. Mtu akijaribu ufunguo mmoja kila baada ya sekunde 10, atahitaji saa 21 na dakika 36 kuzimaliza zote.

Hesabu hiyo ni kweli kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba pini zote zichunguzwe pamoja. Kama kila pini ingeweza kuchunguzwa peke yake, majaribio yangejumlishwa badala ya kuzidishwa: 6 + 6 + 6 + 6 + 6, yaani 30 tu. Ujuzi wote wa kuchokonoa kufuli umo katika kugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha.

Kasoro Inayotoa Siri

Hakuna mashine iwezayo kutoboa vitundu vitano vikawa katika mstari ulionyooka kabisa, wala kutengeneza pini tano zenye unene ulio sawa kabisa. Tofauti huwa ndogo hata jicho haliwezi kuiona, lakini ipo. Kwa sababu hiyo, silinda ya ndani ikisukumwa kidogo ili izunguke, pini hazibanwi zote kwa pamoja. Moja hubanwa kwanza, na nyingine hubaki zikichezacheza.

Mchokonoaji huitafuta pini iliyobanwa na kuiinua polepole. Ifikapo kwenye mstari wa mkato, silinda huzunguka kidogo sana, na pini ya juu hukosa njia ya kurudi chini. Ndipo pini nyingine inapobanwa. Kazi hurudiwa hadi ya mwisho, na kufuli hufunguka.

Vyombo vinavyohitajika ni viwili tu: wenzo mwembamba uliopindwa wa kuisukumia silinda, na chuma chembamba chenye ncha iliyopinda juu cha kuinulia pini. Kosa la kawaida la anayeanza ni kuukandamiza wenzo mno. Msuguano huongezeka kadiri kani inayokandamiza inavyoongezeka. Kwa hiyo pini kadhaa hubanwa kwa pamoja, na haiwezekani kuzitofautisha. Akiulegeza mno, springi huzirudisha chini pini zilizokwisha kukaa mahali pake. Kwa kuwa momenti ni kani mara umbali kutoka kwenye mhimili, mguso mwepesi wa kidole kimoja kwenye mwisho wa wenzo hutosha.

Njia nzuri ya kujifunza ni kutumia silinda inayoweza kufunguliwa, ambayo imepunguzwa pini ikabaki na moja tu. Mwanafunzi akiisha kuzoea, huongeza ya pili, kisha ya tatu. Hivyo vidole hujifunza kutambua jambo moja kabla ya jingine.

Mabishano ya Mwaka 1851

Mwaka 1851 yalifanyika Maonyesho Makuu mjini London. Mtengeneza makufuli kutoka Marekani, A. C. Hobbs, alifungua kufuli maarufu la Chubb kwa muda wa dakika 25. Kisha alilishughulikia kufuli la Bramah, ambalo lilikuwa limewekwa dirishani mwa duka tangu mwaka 1790 pamoja na ahadi ya zawadi ya guinea 200. Kazi hiyo ilimchukua saa 51 hivi, katika siku 16, naye akafaulu. Makufuli hayo hayakuwa ya pini, lakini kanuni aliyoitumia ni ile ile: kuchunguza sehemu moja baada ya nyingine.

Wapo waliolalamika kwamba kueleza mambo hayo hadharani ni kuwafundisha wezi. Kitabu kuhusu makufuli kilichohaririwa na Charles Tomlinson mwaka 1853 kilipinga hoja hiyo, kikisema kwamba wezi hodari hujua tayari. Anayedhurika kwa siri ni mnunuzi, ambaye huamini kisichostahili kuaminiwa. Matokeo yalithibitisha maneno hayo, kwani watengenezaji walilazimika kurekebisha kazi zao. Miongoni mwa marekebisho yaliyokuja baadaye ni pini za juu zenye kiuno chembamba, ambazo hunasa na kumdanganya mchokonoaji kwamba amekwisha kufaulu.

Kanuni za Adabu

Vyama vya wachokonoaji, kama kile kilichoundwa Ujerumani mwaka 1997, hushika kanuni mbili. Kwanza, mtu asichokonoe kufuli lisilo lake pasipo idhini ya mwenyewe. Pili, asichokonoe kufuli linalotumika, hata likiwa lake, kwa maana laweza kuharibika na kumfungia nje. Mwalimu anayetaka kuonyesha somo hili na atumie kufuli kuukuu, avitunze vyombo vyake shuleni, na awakumbushe wanafunzi kwamba kukutwa usiku na vyombo vya kuvunjia nyumba bila sababu halali ni kosa la jinai.

Maswali

1. Kufuli likiongezwa pini ya sita yenye vimo sita, idadi ya funguo itakuwa ngapi? Na majaribio ya pini moja moja yatakuwa mangapi? Linganisha maongezeko hayo mawili.
2. Kwa nini kufuli lililotengenezwa kwa uangalifu zaidi ni gumu zaidi kuchokonolewa, hata kama idadi ya pini ni ile ile?
3. Tengeneza kwa mbao mfano wa komeo la Kimisri lenye vijiti vitatu. Eleza kani inayofanya kazi ya springi katika komeo hilo.